Mpasho, kijembe, suto: hapa kasemwa nani?

Wiki mbili zilizopita mke wa kaka yangu, ambaye anauza kanga kwa mtindo huu wa siku hizi wa kuposti mzigo kwenye stetasi alafu unamtumia hela na bodaboda anakuletea mpaka mlangoni, aliweka picha ya doti mpya zilizoingia, na mojawapo ilikuwa na ule usemi tunaoujua wote, "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Basi. Hakuongeza neno, kaandika bei na rangi zilizopo tu. Kufika magharibi watu watatu walishamtafuta: shangazi yetu, jirani wa nyumba ya pili, na mwenzake mmoja wa mchezo, ule wa kupeana hela kila wiki. Kila mmoja kwa njia yake anauliza kitu kilekile, ile umenipasha mimi?

Shangazi alipiga simu na hasira zake wazi. Jirani alituma voisi anacheka, ila kile kicheko cha pembeni. Wa tatu akasema yeye hana neno, Mungu anaona. Kwenye grupu la familia ndo ikazuka mada sasa, huyu anasema ule ni mpasho, yule anasema hapana ni kijembe, kaka mkubwa anasema hayo yote ni matusi tu mnayavalisha kilemba, na binamu yetu aliyeko Nairobi akashangaa, kwani mpasho si ni udaku wa mastaa? Mi nikaona tunagombania neno ambalo kila mtu analo mdomoni na kila mtu ana la kwake, kwa hiyo ngoja tulifumue taratibu.

Tuanze na neno lenyewe. Mpasho umetoka kwenye kitenzi pasha, na pasha imezaliwa na pata. Angalia pita inavyozaa pisha, unapompisha mtu unamfanya apite. Pata inazaa pasha kwa njia ileile, ukimpasha mtu habari unamfanya azipate. Ukipasha maji moto, maji yanapata moto. Wanaosomea mambo ya redio na magazeti wanasema "upashanaji habari" na hamna mtu anayedhani hapo kuna ugomvi. Yani ndani ya neno lenyewe hakuna ukali wowote, ni kitu kilichomfika mtu tu. Ukali umekuja baadae kwenye matumizi, ila ile maana ya kupata haijaondoka, na kwangu mimi huo ndo ufunguo wa mada nzima: mpasho hauutambui kwa maneno aliyosema msemaji, unautambua kwa nani kapata. Ndo maana tunasema "umemfikia", "kapata zake", "kapewa vidonge vyake". Lugha yote ya kupokea.

Kuna maelezo yanayozunguka kwamba mpasho umetokana na kupasha kiporo, kwa sababu watu wanachemsha ugomvi wa jana na juzi. Tamu sana, na natamani ingekuwa kweli. Lakini kupasha kiporo na kumpasha jirani ni ndugu wa tumbo moja, wote watoto wa pata, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Na binamu wa Nairobi hajakosea. Kule mpasho umebaki karibu zaidi na habari, mtu akikuambia "nina mpasho" anakuletea umbea mbichi, nani kaachana na nani, nani kanunua gari kwa hela ya nani. Dar au Tanga ukisema "nina mpasho wako" mtu anavua hereni kabisa. Mzizi mmoja, matawi mawili, na grupu la familia lenye watu wa pande zote mbili ni lazima lichanganyikiwe.

Sasa majirani wa neno hili, maana hapa ndo watu wanachanganya zaidi. Kijembe ni kitu cha kukata, kamusi zinakitaja kama kisu kidogo, jamaa ya wembe. Wengi wanafikiria jembe dogo la kulimia, lakini fikiria wembe ndo utaelewa kwa nini tunasema "kampiga kijembe", chale moja fupi, damu kidogo, na mtu anaweza asigundue mpaka akifika nyumbani akaoga maji ya chumvi. Kijembe ni sentensi moja. Unakutana na mtu sokoni anakwambia "umependeza leo, mpaka nilikusahau", ndo hicho. Dongo ni lilelile bonge la udongo, linarushwa kwa mbali, halina ufundi, likikupata limekupata na likikukosa linamchafua aliyekaa nyuma yako. Fumbo linatoka kwenye kufumba, ni kitu kilichofungwa na kinataka mtu wa kukifumbua, na wazee wana usemi wao, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Makavu, tena makavu laivu, ni kinyume cha fumbo, unamwambia mtu usoni bila mchuzi.

Kuchamba ndo neno linalonichekesha zaidi, maana asili yake kila mtu anaijua, ni kujisafisha baada ya haja. Leo ukisema "kachambwa" unamaanisha kasemwa mpaka kaishiwa pozi. Ilivyotoka chooni mpaka kwenye komenti sijui, ila ile methali ya kuchamba kwingi na mwisho wake inatosha kueleza kwa nini mtu anayechamba watu kila siku mwenyewe haishi kunuka.

Na suto. Hili naomba lisichanganywe na mpasho kabisa, kwa sababu suto ni kesi. Uswahilini mtu akishikwa kasema uongo juu ya mwenzake, mwenye kusingiziwa anakusanya mashoga zake, wanavaa sare, wakati mwingine na ngoma au tarumbeta, wanakwenda mpaka mlangoni kwa msengenyaji na mashahidi wao: ulisema hivi siku fulani mbele ya fulani, haya sema tena. Jina linatajwa, siku inatajwa, mlango unajulikana. Ndo maana tunasema pia "dhamiri inanisuta", yani kuna mtu ndani amekuja na ushahidi. Aliyepashwa ana mlango wa kutokea, anaweza kujifanya hajasikia. Aliyesutwa hana.

Hapo ndo unaona nilikotaka kufika. Mpasho mzuri hauna jina. Mpashaji anatoa viatu viwili katikati ya ukumbi na kunyamaza, atakayevijaribu vikamtosha ndo vyake. Ukisimama ukasema "unanisema mimi", umeshakiri kila kitu, na yeye anakujibu kwa upole wa kuudhi, "jamani nimekutaja?"

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Siti binti Saad, na ni wa zamani kabla watu hawajaanza kuita vitu hivi mipasho. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, familia ya hali ya chini, akiuza vyungu vya udongo, alafu akaingia mjini na sauti yake, na ile sauti ikampeleka mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mtu wa namna hiyo lazima apate maadui. Wakamtungia wimbo wakamtaja jina lake kamili, kwamba huyu kawa mtu lini, si kaja mjini na kaniki, ile nguo nyeusi ya watu wa hali ya chini, na kama si hiyo sauti angekula nini. Ona walivyofanya: jina, nguo, umaskini, vyote juu ya meza. Ni dongo hilo, kubwa na zito.

Siti akajibu kwa beti kwamba uzuri wa sura sio hoja, wala kutoka ukoo mkubwa sio hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Kwisha. Hakukana kaniki, maana kaniki alivaa kweli na kila mtu aliijua. Hakumtaja mtu. Hakusema mimi nina akili. Kaweka tu kwamba kuna hasara inaitwa kukosa akili, na anayetaka kuinuka akasema "hapo kanisema mimi" ainuke, tumuone. Wao walimtaja na kila mtu akasahau majina yao, yeye hakumtaja mtu na jibu lake watu wanalijua mpaka leo.

Kanga nayo inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na ndo maana shangazi hakuwa mjinga kabisa kupiga simu. Kanga zilianza pwani yetu karne ya 19, wanawake wakiunga leso zilizoletwa na wafanyabiashara, ndo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso, neno lenye asili ya Kireno. Maandishi yalikuja baadae, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu alafu hizi tunazosoma sasa. Mombasa kuna jina moja halikwepeki, Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza 1887 na kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla". Na angalia tunavyoyaita yale maandishi: jina la kanga. Mwenye kuvaa anaweza kuwa ameipendea rangi tu, au kapewa zawadi ya uzazi, lakini jina lipo pale nyuma linatembea na kila anayepita nyuma yake analisoma. Mke mwenza akiivaa siku ya kufua uani, huwezi kumshitaki kwa mjumbe. Utasema nini, kavaa nguo?

Alafu taarabu. Hapa kuna kosa kubwa la kufikiri taarabu na mipasho ni kitu kimoja, na nawaonea huruma wazee wa Unguja wanaosikia hivyo. Taarabu ya Zanzibar inahusishwa na jumba la Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, na mwanzoni iliimbwa kwa Kiarabu. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905, watu wamekaa kwa adabu zao, fidla, ganuni, udi, mapenzi na huzuni, hakuna anayerushwa roho pale kwa makusudi. Kujibizana kulikuwa na nguvu zaidi kwenye vikundi vya wanawake, ngoma za lelemama na baadae taarabu zao, ambapo mtaa na mtaa walishindana kwa sare, kwa karamu na kwa nyimbo za kupigana vijembe.

Neno mipasho kama tunavyolitumia leo lilishika kasi Dar es Salaam miaka ya 1990. Vyama vingi vilirudi 1992, jiji linabadilika, hela mpya, kumbi mpya, na makundi mawili yakawa yanawindana, Tanzania One Theatre, TOT, ikiongozwa na Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe. TOT walikuwa na Khadija Kopa, aliyetokea Zanzibar kwenye Culture Musical Club, na Muungano walikuwa na Nasma Khamis. Huyu akitoa wimbo, upande wa pili wanakaa kikao kutunga jibu, mashabiki wanagawanyika kama Simba na Yanga. Kopa mpaka leo anaitwa Malkia wa Mipasho. Kinanda kikaongezwa, gitaa la besi likaongezwa, watu waliokuwa wanasikiliza wamekaa wakaanza kucheza, na mtindo ukaitwa rusha roho, jina linalojieleza lenyewe.

Lakini ukitaka kuelewa mpasho unavyofanya kazi usimwangalie mwimbaji, angalia wanaoenda kutunza. Mwimbaji anaimba maneno ya jumla kabisa, kuna watu wana husuda, kuna watu wanaiba waume. Ukumbi mzima unasikia. Sasa mama mmoja anainuka na noti yake, anacheza taratibu kuelekea jukwaani, na anasubiri. Anasubiri ule mstari wenyewe. Mstari ukifika anainua noti juu, anapunga mkono kidogo upande wa meza fulani, anaiweka kwa mwimbaji, anarudi kukaa. Hajafungua mdomo! Mwimbaji hajui ugomvi wao, mtunzi aliandika wimbo kwa sababu zake, lakini pale ukumbini wimbo umeshapewa anwani, na ile meza imepata. Dakika tatu baadae anaweza kuinuka mwenye ile meza na noti kubwa zaidi, kwenye mstari mwingine wa wimbo uleule. Watu wanajibizana kwa maneno ambayo hakuna kati yao aliyeyatunga.

Kaka mkubwa alisema pia kwamba haya ni mambo ya wanawake, na alisema kwa sauti ya mtu asiyejua ametoka wapi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, alikuwa anatupiana beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo inagombana kweli, vita vya Shela na kila kitu, na zile beti ni mafumbo na kejeli tupu, wanaume watupu, na heshima ya mji mzima ipo juu ya mizani. Malumbano ya washairi magazetini, mmoja anauliza wiki hii, wa Tanga anamjibu wiki ijayo na wa Lindi anadakia, yalikuwa ya wanaume kwa kiasi kikubwa. Na huyo kaka mwenyewe kila Jumatatu baada ya mechi ukimsikia ofisini kwao anavyowaita wenzake wa Yanga Utopolo bila kumtaja mtu, jamani. Mwanaume akifanya inaitwa utani wa jadi, mwanamke akifanya inaitwa mipasho.

Vijana wa Kenya wana mchezo wao, mchongoano, na nauleta hapa kwa sababu ni kinyume kabisa cha mpasho na ukiviweka pamoja vinaelezana. Kuchongoa ni kunoa kitu kikawa na ncha, kama penseli. Kwenye mchongoano mnasimama uso kwa uso na watu wamewazunguka, unamtaja mwenzako na mama yake na nyumba yao, ooh nyinyi mko na umaskini mpaka panya anakuja na chakula chake, na yeye anatakiwa ajibu hapohapo kwa kali zaidi, anayekosa jibu kashindwa, watu wanacheka, mnaenda kucheza mpira pamoja. Jina lipo wazi lakini hakuna anayeamini kilichosemwa. Kwenye mpasho jina halipo lakini kila mtu anaamini. Mchongoano unaisha kengele ya darasani ikilia. Mpasho mi najua familia moja unaingia mwaka wa 11.

Sasa turudi kwenye stetasi, maana hapa ndo mambo yameharibika kweli. Mpasho wa ukumbini, wa uani, wa kisimani, ulikuwa na mipaka yake. Wote waliokuwepo walijua nani na nani hawasalimiani, kwa hiyo jina lisilotajwa lilikuwa linajulikana na watu wote 40. Stetasi ya WhatsApp inasomwa na bosi wako, fundi wako, mkwe wako, mama wa upatu na mtu uliyeuziana naye friji mwaka juzi, kila mmoja peke yake, kitandani, usiku, na kila mmoja anakuja na ugomvi wake. Ule ukumbi wa kutoa anwani haupo tena. Hakuna mama wa kuinua noti akaelekeza meza. Kwa hiyo viatu umeviweka katikati, umeondoka, na kwa sababu kila mtu ana kidonda chake mahali fulani, vinawatosha watu watatu kwa mpigo, na yule uliyemkusudia wewe labda bando limemuishia.

Ndo maana siku hizi watu wamekuwa mafundi. Kuna anayeposti alafu anakaa anahesabu nani ameangalia, akiliona jina analolitaka anafuta ndani ya dakika tano. Kuna anayebadilisha mipangilio ili stetasi ionekane na mtu mmoja tu, yani unaangalia ukidhani dunia nzima imeona aibu yako kumbe ni wewe pekee. Hiyo nayo sijui niiite nini, maana mpasho bila mashahidi ni barua.

Na wale wanaojiaminisha kwamba bila jina hakuna kesi, wapunguze kasi. Kwenye mambo ya kashfa haitakiwi lazima jina liandikwe, ikitosha kwamba wanaokufahamu walielewa ni wewe basi mtu anaweza kwenda mbele ya hakimu. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na imegusa pia kumsumbua mtu kwa ujumbe wa mtandaoni. Mkwepo uliokuwa unafanya kazi uani kwa bibi haufanyi kazi kila mahali.

Je, ile ya wifi ilikuwa mpasho? Kwa ufafanuzi wangu, yeye hakupasha, alikuwa anauza nguo, nilimuuliza mara tatu na kaapa. Lakini shangazi alipata. Kuna jambo la mwaka jana la hela ya msiba ambalo sitalieleza hapa, na usemi wa simba na meno ukampata palepale panapouma. Kwa hiyo tuna mpasho uliopokelewa bila kutumwa, na kwa kanuni ile ya pata na pasha sina cha kumwambia shangazi, kapata kweli.

Doti zile ziliisha siku ya tatu. Moja alichukua yule jirani, na moja, akalipa bei kamili bila kuomba apunguziwe, alichukua shangazi. Jumamosi kuna shughuli kwa kina kaka, na wote wawili wamesema watakuja mapema kusaidia kumenya vitunguu.